Arkegonia: kachupa ka yai kwenye mosi na makangaga

Kila nikiongelea mimea lazima mtu aniulize, sasa mosi (vile vimea vifupi vya kijani vinavyotanda kama zulia penye unyevu) na makangaga (kwa Kiingereza ferns) yanazaaje na maua hayana? Jibu langu ni lilelile, tafuta arkegonia. Hiyo ndo sehemu yao ya kike, kachupa kadogo kenye tumbo chini na shingo juu, na ndani ya tumbo kuna yai moja. Moja tu! Bila hadubini hukaoni vizuri.

Kwenye mosi zinakaa kwenye ncha ya kashina, zimejificha katikati ya vijani na shingo zao ndefu zimesimama wima. Kwenye kangaga usihangaike na lile jani kubwa, wanafunzi wengi wanalikatakata weee wakitafuta yai wakati pale kuna spora tu, yani chembe za uzazi ndogo kama vumbi. Spora ikidondoka penye unyevu inaota kitu bapa chenye umbo la moyo, mara nyingi hata sentimita 1 hakifiki, tunakiita prothali, ukikigeuza ndo unazikuta kwa chini karibu na kile kibonde cha moyo, tumbo limezama ndani na shingo fupi ndo imetokeza.

Ila hiyo shingo jamani, mimi ndo inanimaliza. Mwanzoni imeziba, ina seli katikati, yai likikomaa zile seli zinakufa zinageuka ute, maji yakiingia ute unavimba mpaka ncha ya shingo inaachia. Yani mlango unafunguka pale tu maji yapo, na mbegu za kiume zinahitaji maji hayohayo kuogelea, za mosi zina mikia miwili na za kangaga zina mingi. Na haziogelei kwa kubahatisha, mtaalamu wa mimea Wilhelm Pfeffer wa Ujerumani alionesha mwaka 1884 kwamba ukiweka asidi ya maliki (ile ya kwenye matufaha) kwenye kamrija kembamba mbegu za kiume za kangaga zinaifuata, ila za mosi zinafuata sukari.

Yai likisharutubishwa haliendi popote, kiinitete kinalelewa humohumo na mama ndo anakilisha. Kale kakofia unakokaona juu ya kibonge cha spora cha mosi ni masalia ya arkegonia, ilichanika mtoto alipoanza kurefuka akaondoka nayo kichwani.

Misonobari nayo bado inazo, ziko ndani kabisa ya kile kinachokuja kuwa mbegu. Mimea ya maua ndo haina tena.