Mlinganyo mgumu wa kikemia ni upi?

Kwenye twisheni za jioni za Mbagala au Temeke, mwalimu akiandika mlinganyo unaovuka nusu ya ubao, vijana wa kidato cha nne huguna kabla hata hawajashika kalamu. Wanaogopa urefu. Lakini mlinganyo unaweza kuwa mrefu ukawa rahisi kusawazisha, yaani kufanya atomu za kila elementi ziwe sawa pande zote mbili, na namba kubwa nazo hazina kesi. Tazama butani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mitungi ya kupikia, inapoungua:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Hiyo 13 inashtua bure. Kaboni iko mahali pamoja kila upande, haidrojeni vilevile, kwa hiyo unaanza na hizo, kisha oksijeni unaiacha mwisho. Ikikutokea sita na nusu mbele ya O₂, zidisha vyote kwa mbili, kazi imekwisha.

Kasheshe huanza pale elementi moja inapofanya kazi mbili. Potasiamu pamanganeti, zile chembe za zambarau za maabara, ikikutana na asidi ya haidrokloriki iliyokolea hutoa klorini (gesi ya sumu, usijaribu jikoni):

2KMnO₄ + 16HCl → 2KCl + 2MnCl₂ + 5Cl₂ + 8H₂O

Kushoto klorini imo kwenye asidi tu. Kulia imetawanyika sehemu tatu. Ukibahatisha namba utafuta mpaka karatasi itoboke. Fuata elektroni badala yake. Namba ya oksidisho (chaji ya kuhesabia elektroni) ya kila atomu ya manganizi (Mn) inashuka kutoka +7 hadi +2, maana yake atomu hiyo inapokea elektroni 5. Zikiwa mbili, zinapokea 10. Elektroni hizo zinatoka kwa klorini, moja moja, basi klorini 10 ndizo zinazogeuka gesi, na hiyo ndiyo 5Cl₂. Nyingine 6 hazipotezi chochote. Zinabaki na potasiamu na manganizi. Jumla 16.

Kuna ugumu mwingine ambao hauko kwenye hesabu kabisa, nao ni kujua kinachozalishwa. Shaba ndani ya asidi ya naitriki iliyozimuliwa hutoa hasa gesi ya NO, ila ndani ya iliyokolea hutoa gesi nyingine, NO₂. Hapo hakuna ujanja wa namba utakaokuokoa, ni lazima uwe umesoma.

Mimi ninaouona mgumu kuliko yote ni ule unaokubali majibu mengi. Pamanganeti hiyohiyo, safari hii na haidrojeni peroksidi ndani ya asidi ya salfuriki:

2KMnO₄ + H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 3O₂ + 4H₂O

Hesabu atomu zote: oksijeni 22 kwa 22, haidrojeni 8 kwa 8, na nyingine zote zinalingana. Lakini jibu si sahihi. Katika mmenyuko huu gesi ya oksijeni yote hutoka kwenye peroksidi, molekuli moja ikitoa O₂ moja, kwa hiyo peroksidi moja haiwezi kuzaa O₂ tatu. Kila peroksidi inatoa elektroni 2, na manganizi mbili zinahitaji 10, hivyo zinatakiwa peroksidi tano:

2KMnO₄ + 5H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 5O₂ + 8H₂O