Pumu ya ngozi na majani: utafiti haujasema mnachoambiwa

Wiki haiishi kliniki bila mama mmoja kunionyesha simu yake. Kwenye simu kuna picha ya majani mabichi, na chini yake maneno yaleyale: utafiti umethibitisha, majani haya yanatibu pumu ya ngozi. Leo ni mpera, kesho mlonge, keshokutwa mwarobaini. Pembeni yake amekaa mtoto anayejikuna mikunjo ya viwiko mpaka inatoa damu, na krimu niliyomwandikia imebaki nyumbani kwa sababu "ina kemikali". Watoto wanaumia, kwa hiyo leo nalijibu jambo hili kwa urefu.

Dhana: Utafiti umeshathibitisha kwamba majani yanatibu pumu ya ngozi

Utafiti upo, na ni wa kweli. Sijawahi kumwambia mtu kwamba majani hayana kitu. Pale Muhimbili kuna taasisi inayochunguza mimea ya tiba asili tangu miaka ya 1970, na kazi hiyo naiheshimu. Kinachopotoshwa ni utafiti wenyewe umefanywa kwa nani, na kwa kutumia nini.

Chukua mfano wa Japani. Mwaka 2000 watafiti wa huko walichapisha kwamba dawa iliyotolewa kwenye majani ya persimoni, mti wa matunda wa Asia, ilipunguza ugonjwa wa ngozi kwa panya. Panya wenyewe ni wa ukoo maalumu, NC/Nga, ambao hupata ugonjwa unaofanana na pumu ya ngozi wakifugwa kwenye mazingira ya kawaida. Walipewa dawa hiyo kwa mdomo. Ni kazi nzuri, imewafundisha wanasayansi mengi. Lakini ni panya, na ni mdomoni. Haimwambii mama wa Mbagala chochote kuhusu kumkanda mtoto wake kwa majani ya mti mwingine kabisa. Majani ya mpera nayo yamepimwa, ila kwa sehemu kubwa ni kwenye seli za ngozi zilizooteshwa maabara na kwenye wanyama. Vitu vingi mno hutuliza uvimbe kwenye sahani ya maabara ambavyo havijawahi kumfaa mgonjwa hata mmoja.

Halafu kuna suala la sufuria. Maabara majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa mara nyingi kwenye ethanoli, yaani alkoholi, huchujwa, kisha ethanoli huondolewa. Kinachobaki ndicho kinachopimwa, kwa miligramu. Wewe una maji, jiko la mkaa na konzi ya majani. Viambata vingine havitoki kabisa kwenye maji, vingine hutoka kwa wingi usioujua. Majani machanga hayalingani na yaliyokomaa, na ya wakati wa masika hayalingani na ya kiangazi. Kwa hiyo hata kama kile kilichopimwa maabara kinafanya kazi, ulichokichemsha wewe si hicho.

"Lakini dokta, kuna watu wamepimwa." Ndiyo, wachache. Utafiti unaosambazwa sana ni wa chai ya oolong, ambayo nayo ni majani. Mwaka 2001 madaktari wa Japani waliripoti kuwapa wagonjwa 118 wenye pumu ya ngozi sugu lita moja ya chai hiyo kila siku. Baada ya mwezi mmoja, wagonjwa 74 walikuwa na nafuu, yaani asilimia 63. Ukiishia hapo unatangaza dawa imepatikana. Ukiendelea kusoma unakuta wagonjwa wote waliendelea na dawa zao za kawaida, na hapakuwa na kundi jingine lisilokunywa chai la kulinganishwa nalo. Basi nafuu ile imeletwa na nini? Hakuna anayeweza kusema.

Na hapa ndipo ninapowaomba akina mama wanisikilize, kwa sababu najua wanachokiona nyumbani. Wanaona mtoto amepata nafuu baada ya majani, hawasemi uongo. Pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hatafuti majani siku ambayo ngozi imetulia. Anatafuta siku hali imekuwa mbaya kupita zote, mtoto halali na nyumba nzima hailali. Kutoka hapo, mara nyingi hali hushuka, uwe umechemsha majani au hukuchemsha. Tena siku anayoanza majani, mama huacha sabuni ya kipande na dodoki. Kuacha dodoki peke yake ni tiba!

Lipo jambo la tatu, nalo linawadanganya hata watu makini. Majani ya mpera yana tanini nyingi, na tanini hukausha ngozi inayotoa majimaji. Siku mbili tatu vidonda vinakauka, kila mtu anafurahi, bibi anasifiwa. Sasa ugonjwa huu msingi wake ni ngozi isiyoshika maji. Ukiendelea kuiogesha tanini wiki baada ya wiki, unaikausha ngozi ambayo tayari ni kavu. Mtoto anarudi kwangu amepasuka nyuma ya magoti, ngozi imekuwa nene na nyeusi, na mama ananiambia majani "yameacha kufanya kazi".

Tangu 2006 tunajua kwamba baadhi ya wagonjwa wamezaliwa na hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kuijenga ngozi ya juu. Hakuna jani lililoonyeshwa kuirekebisha hitilafu hiyo. Tunachoweza kufanya ni kuizuia ngozi isipoteze maji. Ndiyo maana nawachosha watu na mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na manukato. Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, bila kumsugua. Mkaushe kwa kumgusagusa na kitenge laini, kisha ndani ya dakika tatu, mwili ukiwa bado una unyevu, mpake mwili mzima. Mara mbili kwa siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Msiniambie Dar kuna joto na mafuta yanaleta jasho. Jasho linawasha kweli, na dawa yake ni kumwosha kwa maji matupu na kumpaka tena.

Na kama moyo wako umeshikilia kitu cha mti, nitakutajia kimoja: mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kupikwa. Mwaka 2014 Ufilipino walichapisha utafiti wa watoto 117 wenye pumu ya ngozi, kundi moja likipakwa mafuta hayo na jingine mafuta ya madini kwa wiki nane. Kundi la nazi lilipata nafuu zaidi. Hao ni watoto, na wamelinganishwa na watoto wenzao. Mtu akiniletea utafiti wa namna hiyo kuhusu majani ya mpera, nitayaandika kwenye cheti mwenyewe.

Dhana: Majani hayana kemikali, kwa hiyo hayana madhara

Jani lote ni kemikali. Wapo wanaoponda majani wakachanganya na ndimu, wakampaka mtoto asubuhi, kisha akatoka juani. Ndimu ina viambata ambavyo vikipigwa na jua huunguza ngozi. Linaanza lengelenge, linabaki baka jeusi kwa miezi. Nimeliona kwenye shingo ya mtoto, michirizi imeshuka mpaka kifuani, inakuonyesha kabisa juisi ilipotiririkia.

Kumnywesha ni hatari zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wadogo waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini: walitapika, wakalegea kwa usingizi, wakapata degedege. Mtoto mchanga asipewe mwarobaini wa aina yoyote kwa mdomo.

Dhana: Krimu ya mitishamba inaponyesha kwa siku moja, ya hospitali inachukua wiki

Ikiponyesha kwa siku moja, ogopa. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina ambazo wagonjwa wao walikuwa wakizitumia. Nane zilikuwa na deksamethazoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na haikuandikwa popote, na wengine walikuwa wakizipaka usoni. Ukinunua kikopo Kariakoo kisicho na orodha ya vilivyomo, hujui unampaka mtoto nini. Tangu 2002 nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Ulizia usajili kabla hujatoa hela. Ukija kliniki, njoo na hicho kikopo. Sitakugombeza, nataka kukiona.

Dhana: Krimu ya steroidi ni mkorogo

Mkorogo ni mchanganyiko wa kuchubua ngozi, mara nyingi wenye steroidi kali, unaopakwa mwili mzima kwa miezi bila sababu. Tunayoandika sisi huchaguliwa nguvu kulingana na umri na sehemu ya mwili, hupakwa penye ugonjwa tu, na ina siku ya kusimama. Kipimo ni rahisi: krimu iliyolala kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka mkunjo wa kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Wengi wanapaka kidogo mno kwa woga, hawaponi, halafu wanasema dawa ni mbovu.

Dhana: Inaambukiza

Haiambukizi. Mwalimu anayemtenga mtoto darasani kwa sababu hii anamwonea.

Dhana: Ni fangasi, au ni mayai

Si kila kinachowasha ni fangasi. Dawa ya fangasi haiitulizi pumu ya ngozi. Na usimwachishe mtoto mayai, samaki na maziwa kwa kubahatisha. Wachache wana mzio wa chakula kweli, nao wanapimwa.

Dhana: Vipele vikichachamaa baada ya kutumia majani, ni sumu inatoka

Hakuna sumu inayotoka. Aidha ngozi imekataa ulichopaka, au imeingiwa na wadudu. Ukiona vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, kama vimetobolewa, vinauma kuliko kuwasha, na mtoto ana homa, hicho kinaweza kuwa kirusi cha herpesi kilichosambaa juu ya pumu ya ngozi. Usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huohuo aanzishiwe asiklovia, dawa ya kirusi hicho, na kama vidonda viko karibu na jicho, liseme hilo kwanza ukifika mapokezi.