Georgia si Urusi ndogo: dhana potofu kuhusu lugha, kanisa na meza ya Wageorgia

Mgeni anayetua Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, kwa mara ya kwanza huwa ameshaambiwa mengi, na mengi ya hayo yametoka kwa watu waliokaa siku mbili au kwa wale wanaoitazama Georgia kupitia dirisha la Moscow. Nchi hii ya Kaukazi imewahi kutawaliwa na Waajemi, Waturuki na Warusi, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kila ilicho nacho imekiazima. Zifuatazo ni dhana zinazosikika mara nyingi zaidi, na hali ilivyo.

Dhana: Georgia ni jina la Mtakatifu George

Ukweli: Mtakatifu George anapendwa sana huko, na bendera ya taifa ina msalaba wake mwekundu. Lakini jina tunalotumia sisi hufuatiliwa na wataalamu wengi hadi neno la Kiajemi la zamani, lile lile lililowapa Waarabu Jurjia na Waturuki Gürcistan. Wenyewe hujiita Kartvelebi na nchi yao huiita Sakartvelo, yaani mahali pa Wakartveli. Jimbo la Marekani ni habari nyingine kabisa: lilipewa jina la Mfalme George wa Pili wa Uingereza. Unapotafuta tiketi, hakikisha umeandikiwa TBS (Tbilisi) au KUT (Kutaisi).

Dhana: Kigeorgia ni kama Kirusi, kwa hiyo ukijua Kirusi inatosha

Ukweli: Kigeorgia hakina undugu na Kirusi, wala Kituruki, wala Kiarmenia. Ndugu zake ni watatu tu: Kimegreli, Kilazi na Kisvani. Huandikwa kwa hati yake yenyewe yenye herufi 33, zisizogawanyika kuwa kubwa na ndogo. Wazee wengi wanajua Kirusi kwa sababu walisoma enzi za Sovieti, lakini vijana wengi wanajua Kiingereza zaidi, na kwa historia ya nchi hii, kumwanza mtu kwa Kirusi bila kuuliza kunaweza kumkera. Anza na "gamarjoba", salamu iliyozaliwa kutoka neno la ushindi, utajibiwa "gagimarjos". Asante ni "madloba", kwaheri ni "nakhvamdis".

Mswahili ana jambo moja la kujifunza mapema kabla hajachanganya watu: kwa Kigeorgia "mama" ni baba. Mama mzazi ni "deda". Babu ni "babua", na bibi ni "bebia". Padri naye huitwa "mama", kwa hiyo ukisikia waumini wakimwita hivyo mwanamume mwenye ndevu na kanzu nyeusi, hujasikia vibaya.

Watu husema lugha hii haijifunziki. Kwa kweli mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wageni wengine hawana. Kitenzi cha Kigeorgia hubeba mtenda na mtendwa ndani yake kama chetu: "vkhedav" ni namwona, "gkhedav" ni nakuona, "mkhedav" ni unaniona. Hakuna jinsia ya kike na ya kiume katika viwakilishi. "Is" ni yeye, basi. Ugumu uko kwenye matamshi. Herufi p, t na k zina sura mbili. Moja hutoka na pumzi, kama watu wa Mombasa wanavyomtamka paa wa porini tofauti na paa la nyumba. Ya pili hutamkwa koo likiwa limefungwa, sauti ikipasuka bila pumzi. Tofauti hiyo hubadili maana: "kudi" yenye pumzi ni kofia, na yenye kukaba koo ni mkia. Hesabu nayo huenda kwa ishirini-ishirini. Arobaini ni ishirini mbili, na 77 husemwa kama ishirini tatu na kumi na saba, jambo linalowapoteza wageni sokoni. Mwombe muuzaji akuandikie bei.

Dhana: Ukristo wao waliletewa na Warusi

Ukweli: Ufalme wa Kartli, mashariki mwa Georgia ya leo, ulipokea Ukristo karne ya 4, kupitia mahubiri ya Mtakatifu Nino. Warusi walibatizwa mwaka 988, zaidi ya miaka 600 baadaye. Kanisa la Georgia lilijitegemea tangu kale, na ni utawala wa Urusi uliolinyang'anya uhuru huo mwaka 1811. Lilirudi kujitegemea mwaka 1917. Ukiingia Svetitskhoveli, kanisa kuu la Mtskheta, na kuliita kanisa la Kirusi, umegusa kidonda.

Mavazi ya kanisani husumbua wageni. Mwanamke afunike kichwa na avae sketi au gauni. Mwanamume avae suruali ndefu na avue kofia. Makanisa mengi huweka vitambaa vya kujifunga mlangoni, lakini wakati wa msimu wa watalii vitambaa hivyo huisha haraka. Doti moja ya kanga inamaliza kazi yote, upande mmoja kichwani na mwingine kiunoni juu ya suruali. Usipige picha wakati wa ibada, na usipite kati ya mwenye kusali na picha takatifu.

Si kila Mgeorgia ni Mwothodoksi. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha Waothodoksi asilimia 83.4 na Waislamu asilimia 10.7. Waislamu wengi wako Adjara, Kvemo Kartli na bonde la Pankisi. Tbilisi kuna msikiti wa Ijumaa katika mtaa wa Abanotubani, karibu na mabafu ya maji ya moto yenye kiberiti, ambamo Sunni na Shia husali pamoja. Msikiti wa Shia ulibomolewa na serikali ya Kisovieti mwaka 1951, nao Washia wakapokelewa na wenzao Wasunni.

Dhana: Supra ni karamu ya ulevi

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayowanyima wageni kitu bora kuliko vyote nchini humo. Supra ni meza yenye utaratibu, na kulewa mezani ni aibu. Anayeongoza huitwa tamada. Yeye ndiye mwenye neno: hutoa dua moja kwa mada moja, kwa amani, kwa nchi, kwa wazazi, kwa waliotangulia, kwa watoto, kwa mgeni. Mpangilio hutofautiana kati ya mkoa na mkoa, lakini mada hazirukwirukwi ovyo. Baada ya tamada, wengine huongeza maneno yao juu ya mada ile ile, mmoja mmoja, ndipo hunywa na kusema "gaumarjos". Tamada akikutajia "alaverdi", amekukabidhi wewe neno: endeleza mada aliyoianzisha, usifungue mpya.

Makosa ya wageni ni yale yale. La kwanza ni kunywa katikati, kana kwamba glasi ni ya kutuliza kiu. Mvinyo hunywewa kwa neno. Kiu ina maji yake. La pili ni kusimama na kutoa dua yako bila ruhusa ya tamada. La tatu ni kucheka au kupiga soga wakati wa kuwakumbuka wafu. Hapo wanaume wengi husimama, nawe simama. La nne ni kuigonganisha glasi ya bia. Kwa desturi ya mabondeni, dua ya bia ilikuwa ya kumtakia mtu mabaya. Vijana wengi hawajali tena, lakini mbele ya wazee iepuke. Halafu ukipanda milimani, Tusheti au Khevsureti, mambo hugeuka: huko bia hupikwa kwa ajili ya sikukuu na ni kinywaji chenye heshima ya madhabahu. Sheria ya bonde haipandi mlima.

Asiyekunywa afanyeje? Aseme mwanzoni, kabla ya dua ya kwanza, tena kwa sababu fupi: dini, dawa, au ni dereva. Kisha aombe glasi yake ijazwe kitu. Kuna limonati ya tarkhuna, ya kijani na yenye harufu ya mitishamba, kuna ya peasi, na kuna maji ya Borjomi yenye chumvichumvi. Kitakachowaudhi ni glasi tupu na mdomo mkimya. Kinywaji chenyewe wanakusamehe. Andaa maneno mawili matatu kuhusu wazazi wako na nyumba uliyoingia, ukayaseme kwa Kiswahili kama ni lazima, mwenyeji atatafuta wa kutafsiri.

Kuna supra ya furaha na kuna kelekhi, ya msiba. Ukialikwa msibani, fuata wenzako kwa kila kitu. Maua ya kumpelekea mtu aliye hai yawe idadi isiyogawanyika kwa mbili. Idadi inayogawanyika ni ya wafu.

Dhana: Mvinyo wa rangi ya kaharabu umeharibika

Ukweli: Rangi hiyo ni matokeo ya zabibu nyeupe kuchachuka pamoja na maganda yake. Vipande vya vyungu kutoka Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa Tbilisi, vina mabaki ya mvinyo ya takriban mwaka 6000 kabla ya Kristo, ushahidi wa zamani sana wa kutengeneza mvinyo wa zabibu.

Chombo chake ni qvevri, mtungi wa udongo wenye kitako chembamba, uliopakwa nta ya nyuki ndani na kuzikwa ardhini hadi shingoni. Ardhi ndiyo jokofu lake. Kwa njia ya mkoa wa Kakheti, zabibu hukanyagwa, kisha juisi, maganda, mbegu na vikonyo vyote huingia mtungini. Wakati wa kuchachuka, maganda hupanda juu, na lazima yasukumwe chini mara kadhaa kwa siku. Yakiachwa juu hukauka, na mvinyo hugeuka siki. Yakishazama, mtungi hujazwa, hufunikwa kwa jiwe na udongo, na hufunguliwa majira ya kuchipua. Mkoa wa Imereti hutumia sehemu tu ya maganda bila vikonyo, kwa hiyo mvinyo wao ni mlaini zaidi. Usiuombe ukiwa barafu. Baridi kali huufanya mkakasi mdomoni.

Jihadhari na neno "chacha". Ni makapi ya zabibu, na pia ni pombe kali inayokenekwa kutokana nayo. Inamiminwa kwenye vikombe vidogo kwa sababu.

Dhana: Chakula chao ni nyama na jibini tu

Ukweli: Waothodoksi wao wana mifungo mirefu isiyo na nyama, maziwa wala mayai, na jiko la Georgia limejipanga kwa hilo. Uliza "samarkhvo" (სამარხვო), yaani chakula cha mfungo. Utaletewa pkhali, mboga za majani zilizochemshwa, zikakamuliwa na kukandwa na jozi (kokwa ziitwazo walnut kwa Kiingereza) zilizosagwa, kitunguu saumu na giligilani. Anayejua mchicha wa karanga hatashangaa. Kuna bilinganya zilizokunjwa na jozi, na kuna lobio, maharage ya chunguni yanayoliwa na mchadi, mkate wa mahindi.

Na ukifika Samegrelo, mkoa wa magharibi, utakutana na ghomi, ambayo ni ugali, hakuna jina jingine. Ni mlaini kidogo kuliko wa kwetu na hupikwa bila chumvi, kwa sababu vipande vya jibini ya sulguni yenye chumvi huchomekwa ndani vikayeyuka. Kabla ya mahindi kufika, ghomi ilikuwa ya nafaka ndogondogo, kama ugali wa mtama na ulezi ulivyotangulia kwetu.

Khinkali ndiyo huwaumbua wageni. Ni vifuko vya unga wa ngano vyenye nyama, na nyama hiyo huingia mbichi, ikatoa mchuzi humo humo wakati wa kuchemshwa. Ukikichoma kwa uma, mchuzi wote umemwagika na umebakiwa na donge. Nyunyiza pilipili manga, ngoja dakika mbili, shika kishikizo cha juu kwa vidole, geuza, ng'ata tundu dogo pembeni, nyonya mchuzi, kisha kula. Kishikizo hubaki sahanini kwa kuwa ni unga mgumu usioiva vizuri. Huagizwa kwa idadi, mara nyingi kuanzia tano.

Kwa Mwislamu: khinkali za mjini mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Mwonyeshe mhudumu neno ღორის ხორცი (ghoris khortsi, nyama ya nguruwe) na uulize kama imo. Zipo za viazi, uyoga na jibini.

Dhana: Sikukuu ya uhuru ni ya mwaka 1991

Ukweli: Siku ya uhuru ni Mei 26, kwa kumbukumbu ya mwaka 1918, jamhuri ya kwanza ilipotangazwa. Bunge lake la mwaka 1919 lilikuwa na wanawake watano waliochaguliwa. Jeshi Jekundu liliingia Tbilisi Februari 1921 likaizima. Kutangazwa tena kwa uhuru mwaka 1991 kulifanywa Aprili 9 makusudi, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1989 wanajeshi wa Kisovieti walivamia waandamanaji katika barabara ya Rustaveli na watu 21 wakafa. Ukiwa mjini Aprili 9, utaona watu wakiweka maua na mishumaa mbele ya bunge. Mgeni anaruhusiwa kuweka lake: nunua maua ya idadi inayogawanyika kwa mbili, yaweke, simama kimya kidogo, uondoke.