Cheti cha kampuni si kibali cha kuishi

Juzi alikuja mteja na bahasha. Ndani mna cheti cha usajili wa kampuni ya nchi ya kigeni, kimetoka siku moja tu baada ya kuomba kwa njia ya mtandao, yeye ndiye mkurugenzi na ndiye mwanahisa pekee. Akaniuliza: "Sasa viza ya kuishi naichukulia wapi?" Ada ameshalipa. Kishoka aliyemfungulia ameshalipwa. Kazini ameshaaga.

Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara mtu anakuja nalo pesa ikiwa imeshatoka. Ndiyo maana naandika, nikijibu moja moja yale ninayoyasikia kwa watu wanaofungua kampuni nchi za kigeni.

"Nikisajili kampuni, nimepata haki ya kuishi na kufanya kazi huko"

Hapana. Msajili wa makampuni na idara ya uhamiaji ni milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui mwingine. Msajili anataka jina la kampuni, anwani, wakurugenzi na wenye hisa. Viza yako haimhusu. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mkurugenzi kuwa mkazi wa nchi hiyo. Kinachotakiwa ni kampuni iwe na anwani rasmi huko na wahusika wathibitishe utambulisho wao. Marekani nako unaweza kumiliki LLC (kampuni yenye dhima yenye ukomo) iliyosajiliwa jimbo la Delaware au Wyoming bila kuwahi kukanyaga nchi hiyo. Urahisi huu ndio unaowaponza watu. Wanaona nchi imewapa cheti kwa siku moja, wanadhani imewakaribisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Estonia. Tangu mwishoni mwa 2014 nchi hiyo inatoa kitambulisho cha ukaazi wa kidijitali kwa watu walioko popote duniani. Ukiwa nacho unafungua kampuni ya Estonia na kutia saini nyaraka ukiwa mezani kwako. Lakini hakikupi uraia, hakikupi ukaazi, na hakikuruhusu hata kuingia Estonia au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Neno "ukaazi" limo kwenye jina, na bado watu wananiletea kadi hiyo wakitaka niwaombee makazi kwa nguvu yake.

Linaloleta madhara makubwa zaidi liko ndani kidogo: kumiliki kampuni ni jambo moja, kuifanyia kazi ni jambo jingine. Nchi nyingi hazina shida mgeni akiwa na hisa na kupokea gawio. Shida inaanza pale anapopokea oda, anapohudumia wateja, anapotia saini ankara, anaposimamia wafanyakazi. Hiyo ni kazi, hata kama hajilipi mshahara. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo Uingereza haruhusiwi kujiajiri wala kuendesha biashara. Aliyeingia Marekani kwa viza ya B-1, ya ziara ya kibiashara, anaweza kuhudhuria vikao na kujadili mikataba, lakini hawezi kubaki hapo akaendesha duka lake. Mwenye H-1B, kibali cha Marekani cha kazi za kitaalamu, anaweza kumiliki hisa, ila kazi anaifanya kwa mwajiri aliyemwombea kibali hicho. Kanuni iliyoanza kutumika Januari 17, 2025 imeeleza jinsi kampuni inayomilikiwa na mwombaji mwenyewe inavyoweza kumwombea, na vibali vya mwanzo katika hali hiyo vina ukomo wa miezi 18. Hata hapo, ombi linapelekwa na kukubaliwa kwanza, kazi inafuata.

Nilikuwa na mteja mwenye kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri mmoja. Akafungua kampuni ya usafi, akawa anaifanyia kazi jioni na mwisho wa wiki. Alikuwa mwaminifu kuliko watu wengi ninaowahudumia: kila ankara ameitunza, kila senti ya kodi ameilipa. Alipoomba kuongezewa kibali, hesabu zile zile alizojivunia ndizo zilizoonyesha kwamba alifanya kazi ambayo hakuruhusiwa. Alilia ofisini kwangu akisema, "Lakini walipokea kodi yangu." Ndiyo, waliipokea. Mamlaka ya kodi inatoza kipato, haichunguzi kama ulikuwa na ruhusa ya kukitafuta. Kulipa kodi ni wajibu wako na hakuhalalishi kazi ambayo kibali chako kinaikataza. Kama angekuja kuniuliza kabla ya kununua hata ndoo moja, tungetafuta kibali kinachofaa na biashara ile ingekuwa hai mpaka leo.

Viza za wafanyabiashara zipo, lakini zina masharti yake, na cheti cha usajili ni karatasi moja tu katika faili nene. E-2, viza ya Marekani ya mwekezaji, hutolewa kwa raia wa nchi zenye mkataba maalumu na Marekani, kwa hiyo swali la kwanza ni pasipoti yako. Sheria haikutaja kiwango cha chini cha mtaji. Inachotaka ni mtaji unaolingana na aina ya biashara na ambao umeshaingia kwenye hatari ya biashara yenyewe. Pesa iliyokaa kwenye akaunti ikisubiri viza haihesabiki. Na viza hiyo peke yake haikupeleki kwenye ukaazi wa kudumu. Uingereza ina viza ya Innovator Founder, iliyochukua nafasi ya Innovator mwaka 2023. Ile ya zamani ilidai pauni 50,000, hii haina kiwango hicho, lakini ni lazima chombo kilichoidhinishwa kithibitishe kwamba wazo lako ni jipya, linatekelezeka na linaweza kukua. Duka la kawaida, hata liwe na faida nzuri, haliingii hapo. Uholanzi inamruhusu Mmarekani kuomba ukaazi wa mfanyabiashara akiwa na mtaji wa euro 4,500 kwa sababu ya mkataba wa mwaka 1956; jirani yake mwenye pasipoti nyingine anapimwa kwa vigezo vigumu zaidi. Kwa hiyo "rafiki yangu alifanya hivi akapata" si ushauri mpaka ujue rafiki ni raia wa wapi na aliingia kwa kibali gani.

Ninachowaambia wote, na nitaendelea kukisema: kabla ya kuchagua jina la kampuni, toa kibali chako na usome masharti yaliyoandikwa juu yake na kwenye barua iliyokuja nacho. Kisha mpelekee mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni swali moja kwa maandishi: kibali hiki kinaniruhusu kufanya kazi gani, na kwa nani? Jibu nalo liwe la maandishi, ulitunze. Yule anayekufungulia kampuni kwa ada ya haraka si mtu wa kumuuliza, kwa sababu yeye amemaliza kazi yake cheti kinapotoka.

"Lazima mwenyeji awe na hisa nyingi kuliko mimi"

Hili lilikuwa kweli mahali pengi, na bado ni kweli mahali pachache, ndiyo maana halifi. Falme za Kiarabu zililegeza sharti la mbia mwenyeji mwaka 2021, na leo mgeni anaweza kumiliki asilimia 100 ya kampuni katika shughuli nyingi. Watu pia wanachanganya hisa na uongozi. Singapore inataka angalau mkurugenzi mmoja awe mkazi wa huko, lakini hisa zote zinaweza kuwa zako. Kampuni iliyosajiliwa kwa sheria ya shirikisho ya Kanada inahitaji angalau robo ya wakurugenzi wawe raia au wakazi wa kudumu wanaoishi huko, ilhali Ontario iliondoa sharti kama hilo mwaka 2021. Soma sheria ya mahali unaposajili, tena ya mwaka huu.

Pale ambapo mipaka ya umiliki ipo, tafadhali usitafute mwenyeji wa kushika hisa kwa jina tu. Thailand, chini ya sheria yake ya biashara za wageni ya mwaka 1999, inalihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai kwa mgeni na kwa mwenyeji aliyemfunika, na kifungo kinaweza kufika miaka 3. Hata mahali ambapo hakuna anayewafuatilia, siku mtakayogombana utagundua kwamba mbele ya sheria kampuni ni yake. Nimeona watu wakipoteza akiba ya miaka kumi kwa njia hii, na sikuwa na la kuwasaidia.

"Cheti kikitoka, akaunti ya benki ni suala la dakika tano"

Benki haina wajibu wa kumpokea kila mwenye cheti. Itauliza mmiliki halisi ni nani, mtaji umetoka wapi, wateja ni akina nani, na kwa nini kampuni iko nchi hii wakati mwenyewe hayupo. Kampuni isiyo na akaunti ni karatasi. Ongea na benki mbili au tatu kabla ya kusajili, uliza wanataka nyaraka gani, kisha ndipo uende kwa msajili. Ni agizo ambalo wateja wangu wanalipuuza kuliko yote.

"Dhima ina ukomo, kwa hiyo mali yangu haiguswi"

Ukomo huo, yaani deni la kampuni kutolipwa kwa mali yako, unakulinda mpaka utakapoweka saini ya dhamana binafsi, yaani ahadi kwamba utalilipa mwenyewe, na mgeni asiye na historia ya mikopo nchini humo ataombwa dhamana hiyo mapema: kwenye mkopo, kwenye pango la ofisi, pengine hata kwa msambazaji wa bidhaa. Soma unachosaini.

"Kampuni iko nje, kodi ya nyumbani hainihusu"

Nchi nyingi huitazama kampuni kuwa mkazi wa mahali inapoongozwa, si pale ilipoandikishwa tu. Kama maamuzi yote unayafanya ukiwa sebuleni kwako, mamlaka ya kodi ya huko sebuleni inaweza kuidai. Na wanaokimbilia Falme za Kiarabu kwa sababu "hakuna kodi" wajue kwamba tangu Juni 2023 kuna kodi ya makampuni ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000.

"Biashara haikuanza, basi kampuni itakufa yenyewe"

Inabaki hai na inaendelea kudaiwa. Uingereza, kampuni iliyolala bado inawasilisha hesabu na taarifa ya kuthibitisha maelezo yake kwa msajili kila mwaka. Hesabu zikichelewa, faini ya kampuni binafsi huanzia pauni 150 na kufika 1,500 ikipita miezi 6. Marekani, LLC inayomilikiwa na mgeni mmoja inaweza kutakiwa kupeleka fomu ya kodi namba 5472 hata kama haijauza kitu, kwa sababu pesa uliyoiingizia mwenyewe nayo ni muamala wa kuripotiwa. Faini ya kutoiwasilisha ni dola 25,000. Kama umeamua kuacha, omba rasmi kampuni ifutwe kwenye daftari la msajili, funga hesabu za mwisho na mamlaka ya kodi, na usiache kufungua barua zinazokuja kwenye anwani ya kampuni mpaka upate uthibitisho wa maandishi kwamba imefutwa.