Unyenyekevu wa kitamaduni: yanayodhaniwa na ukweli wake

Dhana: Ukisoma mila za watu, umeshawajua.

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walisimulia kisa cha mama mwenye asili ya Amerika ya Kilatini aliyekuwa akigumia saa chache baada ya upasuaji. Daktari mmoja, naye wa asili hiyo, akamwambia muuguzi kwamba mgonjwa ana maumivu makali. Muuguzi akampuuza: alisomea tamaduni chuoni, na huko alifundishwa kuwa watu hao hukuza maumivu. Mgonjwa yuko mbele yake, lakini yeye anasikiliza daftari la darasani! Tervalon na Murray-García wakapendekeza njia nyingine, waliyoiita unyenyekevu wa kitamaduni: mhudumu ajichunguze maisha yake yote, apunguze pengo la madaraka kati yake na anayemhudumia, na jamii iwe mshirika wake.

Dhana: Sheria ni moja kwa wote, utamaduni hauna nafasi mahakamani.

Usawa wenyewe unadai usikivu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Hata hivyo, mkalimani peke yake hatoshi. Huko Australia, mwanaisimu Diana Eades ameonyesha jinsi mashahidi Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanavyoweza kuitikia "ndiyo" wakibanwa na maswali, hata pale wasipokubaliana na kinachoulizwa. Wakili mwenye haraka anaandika: amekiri. Muulize shahidi "Ilikuwaje?", kisha nyamaza. Kimya kile kinachokukera huenda ni mtu anayefikiri.

Dhana: Kunyenyekea ni kukubali kila mila, hata inayodhuru.

Hapana. Mila ikimdhuru mtoto, haki yake inabaki palepale. Na ndani ya jamii hiyohiyo wamo wanaoipinga mila hiyo. Ukiwasikiliza wazee peke yao, hutawasikia.

Dhana: Mkutano ukiitishwa, wananchi wameshirikishwa.

Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataka ridhaa iliyo huru, ya mapema, na inayotolewa kwa kufahamu. Kwangu mimi, neno zito hapo ni "mapema". Ramani ya mradi ikishachorwa, na mkandarasi akishapatikana, watu wameitwa kutangaziwa tu. Chukua rasimu ya sera ya kabla ya mkutano na ile ya baada yake, uzisome pamoja, utafute mstari uliobadilika kwa sababu ya waliyoyasema.