Bikecentennial: sauti moja ya k

Nikifundisha uhulutishaji, yaani kuunganisha maneno mawili au vipande vyake kuwa neno moja, mifano ya nyumbani haichukui muda: chajio, chamcha, Tanzania. Baada ya hapo huandika ubaoni neno Bikecentennial. Wanafunzi hucheka urefu wake, mmoja hujaribu kulisoma, akakwama katikati.

Neno hili lilizaliwa barabarani. Mwaka 1972, Greg Siple na mkewe June, pamoja na Dan Burden na mkewe Lys, waliondoka Anchorage, Alaska, kwa baiskeli, wakielekea Tierra del Fuego, kule ncha ya Amerika Kusini. Safari yenyewe waliiita Hemistour, yaani hemisphere (nusu ya dunia) na tour (ziara), kwa hiyo kuhuluti walishakuzoea. Wakiwa Mexico mwaka 1973, wakawa wanalipika wazo la Greg: 1976 Marekani inatimiza miaka 200 ya uhuru, basi watu waivuke nchi nzima kwa baiskeli. Aliona akilini umati umejaa bustani ya Golden Gate, San Francisco, wazee kwa vijana, na saa tatu asubuhi, bila mlio wa bunduki, wote wanaanza kusonga kama nzige. June ndiye aliyelipatia wazo hilo jina: Bikecentennial.

Sasa lisikilize. Kwenye chajio tumekata chakula tukabaki na cha, tukakata jioni tukabaki na jio. June hakukata kitu. Maadhimisho ya miaka 200 ni bicentennial, tamka baisenteniali. Chomeka k: baiksenteniali. Neno la zamani limebaki zima, na baiskeli imeingia ndani yake. Tena ile bi ya bicentennial na ya bike (baiskeli) ni moja, ya Kilatini, maana yake mbili: huku karne, huku magurudumu. Mimi hapo huvua kofia.

Dan aliugua homa ya ini hukohuko Mexico, hakuendelea na safari. Lakini 1976 watu zaidi ya 4,000 waliendesha baiskeli kwenye njia ya TransAmerica, maili zipatazo 4,250 kati ya Oregon na Virginia, na karibu nusu yao waliimaliza yote.

Sherehe zilipopita, bicentennial ikatoka vinywani mwa watu, na bila hilo neno la pili masikioni, mchezo wa k hausikiki tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jumuiya iliyoandaa safari hiyo, ambayo nayo iliitwa Bikecentennial, yenye makao Missoula, Montana, ikajiita Adventure Cycling Association. Hilo kila mtu analisoma bila kukwama. Ubaoni silipeleki.