Kamera ya kiota: kuwatazama tai bila kuwagusa

Kamera ya kiota ni kamera inayofungwa mtini au kwenye jabali, karibu na kiota cha ndege wa porini, na kurusha picha mubashara kwenye intaneti usiku na mchana. Hufungwa kabla ya msimu wa kutaga, kwani tai akibughudhiwa akiwa na mayai anaweza kuyatelekeza. Baada ya hapo, kwa kawaida hakuna anayepanda tena. Ndege hawalishwi wala hawatibiwi.

Kamera hii huonyesha mambo ambayo kwa darubini kutoka chini ya mti usingeyaona. Tai anayekuja kuatamia hukunja kucha zake ndani, akatembea kwa ngumi ili asitoboe yai. Hugeuza mayai kwa mdomo, kisha huyalalia akiyumba taratibu mpaka yaguse ngozi ya tumbo. Kinda naye hutoboa ganda kwa kijino cheupe kilicho nchani mwa mdomo, na kazi hiyo yaweza kumchukua siku nzima au zaidi.

Kinachowaumiza watazamaji wapya ni ugomvi wa makinda. Tai huanza kuatamia yai la kwanza likishatagwa, hasubiri la pili, kwa hiyo kifungua mimba huanguliwa siku kadhaa mapema na kuwa na nguvu kuliko mdogo wake. Kwa tai wa Marekani wenye kichwa cheupe, chakula kikiwa tele mara nyingi wote hupona. Kwa tai weusi wa majabali wa Afrika hali ni ngumu zaidi: hutaga mayai mawili, na mkubwa karibu kila mara humdonoa mdogo hadi kufa, hata nyama ikiwa imejaa kiotani. Yai la pili ni akiba, endapo la kwanza litaharibika.

Katika kiota cha Jackie na Shadow, jozi ya tai wenye kichwa cheupe kule Big Bear, California, mayai ya mwaka 2023 na 2024 hayakuanguliwa. Mwaka 2025 walipata makinda matatu. Mmoja akafa wakati wa dhoruba ya theluji mwezi Machi, wawili wakakua na kuruka. Vifo kama hivyo huwafanya watu waombe mtu apande akaokoe. Naelewa uchungu huo, lakini naamini kutoingilia ndiko sahihi: mtu akifika kiotani, makinda yanaweza kuruka kabla ya wakati na kuanguka, na wazazi wakakimbia.

Kama unaanza kutazama tai wenye kichwa cheupe, subiri mzazi alete samaki. Angalia nani analishwa kwanza, kisha angalia kama mdogo anapata zamu yake mkubwa akishashiba. Akiipata siku baada ya siku, ana nafasi nzuri ya kufikia wiki ya 10 hadi 12, umri ambao makinda ya tai hawa huanza kuruka. Usishangae kuyaona yote yana vichwa vya kahawia: weupe hukamilika wakikaribia miaka 5.